Sauti Isiyokohoa

Gaudensi Kikoti alipokubali kwamba babu yake alijificha kwenye shimo la viazi siku Wangoni walipopita, ndipo mkewe alipojua kwamba mumewe amekufa.

Ilikuwa saa nne asubuhi, wakati wa chai. Leokadia Mbano alikuwa amekaa nyuma ya Kituo cha Sauti juu ya kreti tupu ya soda, koti la mume wake limemfika magotini, kikombe cha chai ya tangawizi mkono mmoja, simu mkono wa pili. Ukungu wa Mafinga ulikuwa bado haujaamua kuondoka. Ng'ambo ya bonde, juu ya kilima cha misonobari, yalionekana kwa taabu mapaa meupe ya kambi ya wagonjwa. Chini ya paa mojawapo, kwa jinsi alivyoamini mpaka dakika ile, Gaudensi alikuwa amelala chali na kola shingoni.

Leokadia alikuwa amemwambia mumewe kwamba kaka zake wa Songea wako njiani kuja kuchukua ng'ombe wa Wahehe. Huo ulikuwa mchezo wao wa kila siku. Yeye Mngoni, mume Mhehe, watani tangu vita vya mababu ambavyo kila upande unadai ulishinda, na ndoa yao ilijengwa juu ya kutukanana. Gaudensi hakuwahi kumwita mpenzi hata siku moja. Alimwita Mateka. Siku ya harusi, mbele ya padri, alimnong'oneza kwamba mateka hana haki ya kukataa, wakacheka wote wawili mpaka padri akafunga kitabu akawasubiri.

Hata homa ya ukungu haikumnyamazisha. Homa ile ilikuwa inaziba njia ya hewa, mgonjwa anawekewa mrija kooni, basi, kusema hawezi tena. Kola ndiyo iliyowasemea. Ilisoma misuli ya koo inavyohangaika kutafuta maneno, ikayatuma Kituoni, na mashine ambayo kila mtu aliiita Mdomo ikayatoa kwa sauti ya mgonjwa mwenyewe, pamoja na mihemo na kikohozi chake. Wiki ya kwanza Gaudensi alipigana na koo lake kutwa nzima ili amwambie mkewe maneno mawili tu, Mateka na mtoro, na Leokadia alilia kwa furaha bwaloni mbele za watu.

Siku za karibuni alikuwa amepoa. Leokadia aliona ni uchovu wa ugonjwa, tena aliona ni dalili njema, maana kikohozi kilikuwa kimekwisha na sauti imenyooka. Ila asubuhi hiyo alikuwa na hamu ya kutukanwa. Mtu akifungiwa ndani ya uzio na kazi yake muda mrefu, akala maharage yaleyale, akalala chumba kimoja na wenzake wanaolia kwa zamu, anafika mahali anatamani matusi ya mume wake jinsi wengine wanavyotamani nyama. Kwa hiyo alimchokoza pale ambapo Mhehe yeyote, hata awe mahututi, angeinuka.

"Nimemkumbuka babu yako shujaa," akamwambia. "Kumbe Wangoni walipopita alikuwa kwenye shimo la viazi, kajifunika majani."

Akaibana simu sikioni, akingoja kutukanwa.

"Nimekuelewa, mpenzi," ilisema sauti ya Gaudensi. "Huenda ni kweli. Usijisumbue na hayo. Umeshakula?"

Leokadia aliweka kikombe chini. Akajaribu tena, polepole, kama mtu anayegusa maji kujua kama ni ya moto. Akasema basi kaka zake watawachukua ng'ombe wote, pamoja na lile dume la baka.

"Sawa, mpenzi. La muhimu ni amani yako."

Mhehe gani huyo anayetoa ng'ombe wote kabla ya saa sita mchana, tena na dume la baka juu? Leokadia angecheka kama angeweza. Sauti ilikuwa yake kabisa, na ule mkwaruzo wa vumbi la mbao alioupata kiwandani kwa miaka mingi ulikuwepo, na lile neno la mwisho alilolivuta kila mara lilivutwa vilevile. Hakuna kilichopungua isipokuwa mwenyewe.

Mtu mwingine angejiambia kwamba ni dawa zimemlegeza. Leokadia hakuwa na nafasi hiyo ya kujidanganya, kwa sababu aliyajua maneno yale. Umeshakula. La muhimu ni amani yako. Yeye mwenyewe ndiye aliyeyapendekeza, wakati wa mafunzo, walipoombwa wataje maneno ya upole ambayo Mdomo ungejazia pale kola inapopoteza koo la mgonjwa kwa nukta chache. Alisifiwa sana siku hiyo. Sasa mume wake alikuwa maneno ya kujazia kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Alikata simu. Alibaki pale kwenye kreti mpaka chai ikawa baridi, na kitu kimoja kilimzunguka kichwani ambacho hakikuwa hata kilio. Alimkumbuka Gaudensi jioni ile waliyotoka kumzika jirani yao. Msibani pale Leokadia alikuwa Mngoni pekee, kwa hiyo wazee walimwita afanye kazi ya mtani. Alivaa kofia ya marehemu, akatembea kwa kuchechemea kama yeye, akadai kwa sauti yake kwamba hatoki kaburini mpaka aliyeiba nyundo yake airudishe. Watu walicheka huku machozi yanawatoka, na mjane alicheka kuliko wote, kisha ndipo akaweza kulia vizuri. Njiani Gaudensi alimwambia kwamba siku yake ikifika asimwachie kaka yake kazi hiyo. Uniige wewe, alisema, hata kama mjane hukalishwa ndani.

Na yeye aliahidi. Kumbe kuna mashine ilikuwa inamwiga mumewe kila asubuhi saa nne, bila kofia, bila kaburi, bila mtu kujua kwamba huo ni msiba.

*

Alirudi kwenye kibanda chake kwa sababu hakujua mahali pengine pa kwenda. Warekebishaji walikaa katika vibanda vya mbao kando kwa kando, kila mmoja na spika zake masikioni na kioo mbele yake. Kazi ilikuwa kusikiliza sauti kabla haijamfikia ndugu, kupunguza mhemo unaotisha, kukata kikohozi kilichozidi. Kanuni zilikuwa chache. Humrekebishi ndugu yako. Na tamko la mgonjwa, lile analotoa mbele ya daktari kuhusu matibabu yake au mazishi yake, haliguswi kabisa, liende na makohozi yake yote.

Chini ya kila sauti kulikuwa na mstari mwembamba wa kijani ulioonyesha koo linavyofanya kazi. Sauti nyingine mistari yao ilikuwa imelala. Waliambiwa hao ni wagonjwa wanaopata nafuu, kwamba Mdomo umekwisha kuwazoea kiasi kwamba hauhitaji tena koo lao. Warekebishaji waliziita sauti safi, na kila mmoja alizipenda, maana hazikuwa na kazi. Leokadia alizipenda pia. Alikuwa amesoma vya kutosha kushangaa kwamba mtu anasema bila koo, na hakushangaa, kwa sababu Gaudensi naye alikuwa na sauti safi na yeye alitaka apone.

Akafungua moja. Ilikuwa ya mke wa dereva wa lori, yule aliyepandisha unga kutoka Makambako kila wiki na kuupeleka kambini na mitaani. Mstari umelala. Mwanamke alikuwa anamwambia mumewe aendeshe taratibu kwenye kona, na dereva alikuwa anacheka. Akafungua ya pili, mstari umelala. Ya tatu aliijua kabla haijafunguka vizuri, kwa sababu alikuwa akiishughulikia kila siku. Ilikuwa ya Tusajigwe, mama mzazi wa Subilaga, msimamizi wa zamu.

Bibi huyo alipoingia kambini alikuwa hamwachii mtu nafasi. Kila simu aliianza kwa kumsema binti yake, kwamba amekonda, kwamba ameacha kwaya, kwamba nywele zile ni za nani. Leokadia alikuwa anakata kikohozi huku anacheka peke yake kibandani. Kisha kikohozi kikakoma na bibi akawa mpole. Leokadia ndiye aliyempelekea Subilaga habari hiyo, mbio mpaka bwaloni, kwamba sauti ya mama imekuwa safi, mama anapona. Subilaga aliinunulia meza nzima maandazi.

Leokadia aliutazama mstari wa kijani wa Bibi Tusajigwe. Ulikuwa umenyooka kutoka ukingo mmoja wa kioo hadi mwingine.

*

Subilaga alikuwa anamzidi Leokadia umri kidogo na ndiye aliyemwingiza kazini. Alimfundisha kila kitu, hata namna ya kulala mchana kwa kuegemea ukuta bila kuanguka. Walikuwa wanagawana karanga. Leokadia alipoingia ofisini mwake bila kubisha, Subilaga alitabasamu kwanza, akamsogezea kiti.

"Dada Subi," Leokadia alisema, "Gaudensi alikufa lini?"

Tabasamu lilichelewa kidogo kuondoka usoni. Subilaga aliinuka, akafunga mlango, akasema akae kwanza. Leokadia alisema amekaa vya kutosha.

Basi Subilaga akasema. Hakukana, na hilo lilimuuma Leokadia kuliko kama angekana, kwa sababu ilionyesha kwamba maneno yalikuwa tayari mdomoni siku zote. Alikufa siku ya ile mvua ya mawe. Leokadia aliikumbuka vizuri siku hiyo. Walikuwa bwaloni, bati linapigwa mpaka hawasikilizani, na Subilaga alitoa kipande chake cha nyama akakiweka kwenye sahani ya Leokadia bila kusema neno. Yeye alidhani ni ukarimu. Alikula, akashukuru, na usiku akamsifia Subilaga kwa mume aliyekwisha kufa.

"Umekula na mimi," alimwambia. "Kila siku nakusimulia leo kasema hiki, kesho kasema kile. Wewe unaitikia kwa kichwa. Hukuniambia hata pole."

Subilaga alisema hakuna siku aliyolala. Halafu akasema mengine, na tatizo ni kwamba hayakuwa ya kipuuzi. Alimkumbusha wimbi la kwanza. Watu walizika kama walivyozoea, wakajaa matangani, wakalala pamoja kwenye mikeka, na kila kaburi likazaa mengine. Gaudensi mwenyewe aliipata wapi homa, kama si kwa kubeba jeneza la fundi mwenzake? Wakubwa wa Mamlaka ya Karantini waliona wazi kwamba msiba ndio unaoua kuliko ugonjwa, na hakuna askari anayeweza kumzuia Mhehe, Mbena wala Mngoni asiende kumzika wake. Wakaamua kuuahirisha msiba wenyewe. Mtu akifa, Mdomo uendelee kwa niaba yake mpaka wimbi lipite, kisha ndugu waambiwe. Wasimamizi tu ndio walioambiwa.

"Yule dereva wa unga," Subilaga alisema. "Mwambie leo kuhusu mkewe. Kesho unga haupandi. Nenda ukahesabu wewe nani atakufa njaa."

Leokadia hakuwa na jibu la dereva wa unga. Hata baadaye hakulipata, na hakuna haja ya kumpamba hapa kana kwamba alilipata. Alijua tu kwamba kwa muda wote ule alikuwa amefanywa mjane na kila mtu isipokuwa yeye, na kwamba mkono uliomfunika macho ulikuwa umezoea kumpa karanga.

Alisema sawa, hayo ya wengine yaliamuliwa na wakubwa. Lakini wewe ulikuwa rafiki yangu, ungeweza kuninong'oneza.

"Ningekwambia," Subilaga akasema, na hapo ndipo sauti yake ilipovunjika. "Wallahi ningekwambia, mdogo wangu. Ni yeye mwenyewe aliyeomba. Walinisikilizisha tamko lake. Alisema usiambiwe. Ningevunja maneno ya mtu anayekufa?"

Leokadia alisema anaomba kulisikia.

Subilaga alisita, kisha akageuza kioo na kubonyeza. Sauti ya Gaudensi ilijaa chumba, na ule mkwaruzo wake wa vumbi la mbao.

"Mimi, Gaudensi Kikoti, kwa hiari yangu, naomba mke wangu mpendwa Leokadia asiambiwe habari za kifo changu mpaka wimbi lipite. Nataka afanye kazi kwa amani."

Leokadia aliomba irudiwe. Ikarudiwa. Safari ya pili hakusikiliza maneno, alisikiliza kama anavyosikiliza akiwa kibandani, akitafuta cha kukata. Hakukuwa na cha kukata.

"Kikohozi kiko wapi?" aliuliza.

"Kimerekebishwa," Subilaga alisema, na kabla hajamaliza alisikia alichokisema.

"Tamko halirekebishwi. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo juu ya saruji.

"Huyu hajawahi kuniita Leokadia," Leokadia aliendelea. "Hajui hata jina langu linaandikwaje. Na mpendwa ni neno la kadi za harusi. Dada Subi, huyu wakati anasema hivi alikuwa amekwisha kufa. Walimuua mdomoni mara ya pili ili wapate ruhusa yake."

Kwa muda fulani Subilaga alikuwa bado yumo ndani ya aibu ya jambo la Gaudensi, anaomba msamaha, anasema hakujua, kwamba alidhani anatunza siri ya marehemu kumbe anatunza ya wakubwa. Leokadia alimwangalia anavyohangaika na hakumwonea huruma. Alingoja. Alijua linakuja, na sehemu moja ya roho yake, sehemu mbaya, ilikuwa inalisubiri kwa hamu.

Likaja. Subilaga alinyamaza katikati ya neno. Macho yake yalihama kutoka kwa Leokadia hadi kwenye simu ya mezani.

"Mimi ni msimamizi," alisema polepole. "Mimi wangeniambia."

Leokadia naye aliitazama simu ile.

"Kwa mama yangu wangeniambia, Leka. Hawawezi kunifanyia mimi." Kisha akainua macho: "Wewe ndiye unayemrekebisha. Mstari wake ukoje?"

Hapo Leokadia aliona jinsi ilivyo rahisi. Angeweza kusema mstari unacheza vizuri, mama anaendelea, na Subilaga angeamini, kwa sababu alitaka kuamini kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Angekwenda bwaloni, angenunua maandazi. Leokadia angekaa naye meza moja, anaitikia kwa kichwa, mpaka wimbi lipite, na yangekuwa malipo yanayolingana kabisa. Na kama si malipo, basi yangekuwa huruma. Kwa mara ya kwanza alielewa jinsi mtu anavyoweza kuifanya kazi hiyo na bado akajiona mwema, na kuelewa huko hakukumpunguzia hasira hata tone.

Taa ya simu ya mezani iliwaka. Ilikuwa saa ya mama yake Subilaga kupiga. Subilaga aliitazama bila kunyoosha mkono, ikaita, ikaita, mpaka ikajipokea yenyewe kwenye spika.

"Subi mwanangu," ilisema sauti ya Bibi Tusajigwe, safi kabisa, yenye lafudhi yake yote ya Tukuyu. "Hujambo, mpenzi wangu?"

Subilaga aliinama karibu na spika. Alikuwa mtu mzima, mwenye wafanyakazi chini yake, lakini alijishika nywele kama msichana aliyekamatwa.

"Mama," alisema, "sijarudi kwaya. Na nywele nimebandika tena. Zile nyekundu. Nimetumia mshahara wote."

Alingoja. Wote wawili walingoja. Leokadia alijikuta anamwombea kwa Mungu, yeye ambaye dakika iliyopita alitaka aumie, anaomba bibi akohoe, afoke, amwite binti yake mpumbavu mara moja tu.

"Nimekuelewa, mwanangu," sauti ilisema. "La muhimu ni amani yako."

Subilaga hakulia. Alimgeukia Leokadia na uso wa mtu anayengoja kuambiwa kwamba amekosea mlango. Leokadia alivua koti la Gaudensi. Alilitandika juu ya kiti, kile kiti alichokataa kukikalia, akamshika Subilaga mabegani na kumkalisha taratibu, jinsi anavyokalishwa mtu wa nyumba yenye msiba. Kisha akamwambia neno ambalo yeye mwenyewe hakuna aliyemwambia.

"Pole, dada. Pole sana."

"Mwanangu," spika iliuliza, "umeshakula?"